Mirija Kumi na Mitatu Chooni

TANGAZO KWA UMMA. Wananchi wote wa Malaba, wa Burumba na wa vichochoro vyote vya mpakani, pamoja na madereva wa malori walio kwenye foleni na ambao hawana shughuli hadi kesho kutwa, mnaarifiwa ya kwamba katikati yenu anaishi mtaalamu mkubwa wa kemikali. Shahada hana. Maabara hana. Koti jeupe hana, na cheti cha pekee alichowahi kupewa ni cha ubatizo, ambacho panya walikitafuna wakabakiza jina la padri. Chombo chake cha uchunguzi ni pua. Wasaidizi wake ni sisimizi wa nyuma ya choo, ambao tangu waajiriwe hawajagoma hata siku moja. Serikali inaombwa imtambue kabla hajafa, maana akishakufa kila mtu atasema alimjua.

Mtaalamu huyu anaitwa Amoding. Ni mjane, na anauza ajono, ile pombe ya wimbi, yaani ulezi, ya Wateso, nyumbani kwake Malaba, hatua chache kutoka mahali malori yanapolala. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka haraka. Ukimpa zawadi hasemi asante. Anainusa kwanza, kisha anakutazama, na wewe unabaki hapo unajiuliza kama ulioga.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata kazini. Alipokuwa msichana, na miaka miwili baada ya kuolewa, alikuwa mfagiaji katika ghala la pamba. Kwenye kona ya ghala kulikuwa na magunia ya unga mweupe wa kunyunyizia mashamba, ule ulioua viwavi wa pamba. Kila mtu aliuita dawa ya pamba. Ulikuwa na harufu ya kipekee, tamu kidogo, kama tunda lililooza ndani ya hospitali. Na kwa kuwa gunia likipasuka hakuna anayeuliza, wafanyakazi walitoka jioni na mifuko imejaa unga. Nyumbani ukawa dawa ya kila kitu. Kunguni kitandani, unga. Chawa kichwani, unga. Viroboto kwenye kuku, unga. Maharagwe yasitobolewe, unga, na kesho yake maharagwe hayohayo yanaoshwa mara moja na kuwekwa jikoni. Kulikuwa na mzee mmoja aliyejipaka makwapani kabla ya kwenda kanisani, na kwa kweli nzi walimheshimu.

Mfagiaji mwenzake, Gaudencia, aliwapaka watoto wake wawili kichwani akawafunga vitambaa, kama alivyoelekezwa na watu waliojua. Chawa walikufa wote. Asubuhi yake mtoto mdogo alianza kutetemeka. Hakuwa na homa. Alitetemeka tu, mikono na miguu, na alikuwa akijilamba midomo kama mtu asiyeihisi. Amoding alimshika miguu siku mbili, wakipokezana na mama yake. Mtoto alipona. Msimamizi wa ghala alisema ni malaria, kwa sababu wakati ule kila kitu kilikuwa malaria, hata kuvunjika mguu. Amoding hakubishana naye. Aliacha kubeba unga, na baadaye akaacha kazi. Alichotoka nacho katika ghala lile kilikuwa harufu.

Kuanzia hapo, hakuna kitu kilichoingia nyumbani kwake bila kupita idara mbili. Idara ya kwanza ilikuwa pua. Kilichofaulu pua kilipelekwa nyuma ya choo, mahali ambapo sisimizi walikuwa na barabara yao kuu, na kidogo chake kikawekwa katikati ya njia. Sisimizi wakikizunguka kwa mbali, kitu hicho ni sumu, kinatupwa. Lakini sisimizi wakikikimbilia, hapo napo pana jambo, kitu hicho ni kitamu mno kwa mwili wa binadamu, kinatupwa vilevile. Kilichotakiwa ni kitu ambacho sisimizi wangekipita kama raia wanavyompita karani wa kodi, bila hamu na bila hofu. Vitu vya namna hiyo ni vichache sana duniani.

Dawa ya meno ilianguka mtihani kwa kupendwa. Nyumba nzima ilipiga mswaki kwa kijiti. Mafuta ya kujipaka yenye harufu ya waridi yalianguka kwa pua. Sabuni ya kawaida ya kufulia, ambayo haikuwa na kosa lolote, sisimizi waliikwepa, ikafukuzwa, na kwa karibu mwaka mzima Amoding alifua kwa majivu na majani ya mpapai. Wakati huo upande wa pili wa mpaka sabuni ilikuwa imepotea madukani kabisa, watu wakivuka mto na vipande vimefungwa kiunoni kama bangi. Majirani walimwona mwanamke aliyekaa upande wenye sabuni na hataki kuigusa, wakaona ni kichaa. Sabuni hiyo alikuja kuirudisha mwenyewe, bila tangazo, baada ya kuona majivu yanamchubua vidole.

Kwa hiyo ieleweke mapema kwamba mtaalamu wetu alikosea mara nyingi. Lakini mara nyingine alipiga palepale. Mwanawe Ojakol alipooa, mkewe, Naliaka, msichana wa Kibukusu mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri, alikuja na masanduku mawili na kipande cha sabuni ya waridi iliyoandikwa kwamba itamtakatisha uso mpaka ang'ae. Amoding aliinusa, akaipeleka nyuma ya choo, hakuirudisha.

Naliaka alimfuata hadi huko. "Mama, hiyo sabuni ni yangu."

"Uso pia ni wako," Amoding akamwambia. "Chagua moja."

Naliaka alinuna wiki mbili. Miaka ya baadaye watu walikuja kujua kwamba sabuni nyingi za namna hiyo zilikuwa na zebaki ndani, ile inayoingia kwenye ngozi na kwenda kukaa kwenye figo. Amoding hakujua zebaki ni mnyama gani. Sisimizi nao hawakujua, maana kama nilivyosema walikuwa wakiikwepa sabuni yoyote. Lakini figo za Naliaka hazikuuliza sababu.

Sasa tuje kwenye mirija.

Ajono hainywewi kwa glasi. Wazee wanazunguka chungu kimoja kikubwa, kila mmoja na mrija wake mrefu kama ufito wa kuvulia samaki, ncha ya chini imefungwa kichujio kilichosukwa ili machicha ya wimbi yasipande. Maji ya moto yanaongezwa, wazee wananyonya, dunia inapangwa upya. Mrija ni mali ya mtu kama meno yake. Wazee kumi na watatu walikuwa na chungu chao cha Jumamosi kwa Amoding, na mirija yao kumi na mitatu ililala kwake, imechomekwa chini ya paa, kwa kuwa mrija ukienda nyumbani shemeji ataazima.

Mkubwa wao alikuwa Okiror, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Amoding. Ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika ukoo, na kauli ya kwanza pia, na nyingi za katikati. Alikuwa mvutaji wa ugoro wa miaka arobaini. Mrija wake aliachiwa na babake. Ulikuwa umekuwa mweusi na laini kwa kushikwa, na aliutaja mara nyingi kuliko alivyowataja wake zake.

Tatizo lilikuwa fukusi, wale wadudu wadogo watobozi. Waliingia kwenye mirija wakaitoboa matundu madogo kama ya sindano. Mrija wenye tundu haunyonyi pombe, unanyonya hewa. Kwa hiyo Jumamosi ungewaona wazee wazima, wenye mashamba na kesi mahakamani, wamekaa kuzunguka chungu wakiziba matundu kwa vidole vyote kama wapiga filimbi. Okiror alikuwa ameziba matundu manne na alikuwa anatafuta kidole cha tano. Walimlalamikia Amoding. Yeye alimwaga maji ya moto ndani ya mirija, akapunguza fukusi, hakuwamaliza.

Hayo yalikuwa mwaka wa 1974. Mwaka huohuo, mwezi wa nane, Naliaka alijifungua mtoto wa kike.

Lazima niseme hapa jambo lisilo la mzaha. Huyu hakuwa mtoto wa kwanza wa Naliaka. Wa kwanza alizaliwa mwaka uliotangulia, akakaa siku mbili, akaondoka kabla ya kupewa jina. Alizikwa nyuma ya nyumba, na kwa kuwa hakuwa na jina hakukuwa na namna ya kumtaja. Naliaka alikuwa akisema "yule," na kila mtu alijua. Kwa hiyo mtoto wa pili alipozaliwa, mdogo, mwenye sauti kubwa, mama yake hakutaka kingine chochote duniani ila apewe jina haraka. Alikuwa akihesabu siku kwa vidole vya mtoto.

Kwa Wateso jina halitoki kwenye karatasi. Bibi wa mtoto anachovya kidole kwenye ajono, anamtia mtoto mdomoni, na mkubwa wa ukoo anataja majina ya marehemu mmoja mmoja. Jina litakalotajwa mtoto akinyonya, hilo ni lake. Akitema, marehemu huyo atafute mtoto mwingine. Na ajono yenyewe lazima itoke kwenye chungu walichokwisha kuonja wazee, ili mkubwa na mdogo wawe wamekunywa pamoja. Bibi alikuwa Amoding. Mkubwa wa ukoo alikuwa Okiror. Siku iliwekwa Jumamosi, mtoto akiwa na siku nne.

Ojakol, baba wa mtoto, alikuwa karani wa wakala wa forodha pale mpakani. Alivaa tai, aligonga mihuri, na aliamini kwamba mambo yote ya dunia yangenyooka kama yangepata fomu. Alitaka siku hiyo iende vizuri. Alitaka wazee wanyonye bila kupiga filimbi. Ijumaa mchana, mamake akiwa ameenda kusagisha wimbi, alishusha mirija yote kumi na mitatu, akaiweka juu ya gunia, akafungua mkebe wa dawa ya pamba aliopewa na mkulima mmoja wa Chakol kama shukrani ya kuharakishiwa karatasi. Alikunja gazeti likawa mrija wa kumi na nne, akapuliza unga ndani ya kila mrija, akaziba, akasubiri, akagonga. Fukusi walianguka kama mchanga. Alifuta nje kwa kitambaa, akarudisha mirija juu, akamwonyesha Naliaka fukusi waliokufa kwenye kiganja.

Naliaka akauliza Amoding ataambiwa lini. Ojakol akasema ni zawadi, mtu hatangazi zawadi.

Jumamosi walikuja. Wazee walikaa mahali pao. Chungu kikawekwa, maji ya moto yakamiminwa, povu likapanda. Mirija ikachomekwa. Okiror alinyonya kwanza, kama kawaida, na uso wake ukawaka kwa furaha, maana kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alinyonya kwa mkono mmoja.

"Nani ametengeneza hii?" akauliza.

Ojakol akainua mkono kidogo, kwa unyenyekevu mkubwa.

Wazee wengine wakanyonya, wakamsifu. Okiror akanyonya tena, akalamba midomo, akasema ajono ya leo ina nguvu, imemshika ulimi. Mwingine akasema hata yeye, ulimi umelala. Wakakubaliana kwamba wimbi la mwaka huu ni zuri.

Naliaka alitoka na mtoto, amefungwa shuka jipya, akaketi kwenye kigoda. Amoding akapiga magoti kando ya chungu, akachota ajono kidogo kwenye kibuyu, akachovya kidole. Okiror akakohoa ili ukoo mzima uliokufa umsikilize. Mtoto alikuwa na njaa. Alifungua mdomo kabla hajaguswa.

Amoding alileta kidole hadi karibu na mdomo wa mtoto, kisha akakirudisha na kukileta puani mwake. Watu walitabasamu. Walimjua. Mkwe mmoja alisema taratibu kwamba huyu mama atamnusa hata malaika.

Amoding hakutabasamu. Alinusa tena. Akaenda kwenye mirija, akanusa wa kwanza, akanusa wa pili, akamgeukia Okiror bila kuomba ruhusa na kunusa wake ukiwa bado mkononi mwake.

"Ojakol," akasema. "Umeweka nini?"

"Ni dawa tu ya pamba, mama. Kidogo. Si hata kunguni tunaua nayo?"

"Kunguni yuko wapi?"

"Si amekufa."

"Haya."

 Naliaka, ambaye alikuwa amesimuliwa habari ya ghala na ya mtoto wa Gaudencia mara nyingi kuliko alivyotaka, alivuta shuka akamfunika mtoto mdomo.

Okiror alikuwa mtu wa sheria. Alieleza kwa utulivu kwamba chungu kimeshaonjwa, marehemu wameshaitwa, na jambo kama hili halikatizwi kama hotuba ya diwani. Alisema yeye mwenyewe amekunywa na yuko hai. Alisema hasikii harufu yoyote. Hilo la mwisho lilikuwa kweli kabisa. Ugoro wa miaka arobaini ulikuwa umeistaafisha pua yake bila malipo.

"Mama Ojakol," akasema, "chovya kidole. La sivyo sisi tunaenda, na mtoto utamwita wewe na sisimizi wako."

Hapo ndipo kila mtu alipomtazama Naliaka, na Naliaka alikuwa akimtazama Amoding. Wazee wakiondoka hakuna jina. Hapo nyuma ya nyumba palikuwa na mwingine asiye na jina, na nyasi zilikuwa bado hazijaota vizuri. Ojakol alianza kumwomba mamake kwa sauti ya chini, achovye tu juu juu, tone moja, mtoto hatamaliza tone.

Amoding alimwuliza Naliaka, "Wewe unasemaje?"

Naliaka alikuwa akilia, lakini sauti yake ilitoka sawa. "Nataka jina, mama. Lakini nataka na wa kuitikia."

Basi Amoding alikishika chungu kwa mikono miwili, chungu cha Jumamosi, kimejaa, kinatoa mvuke, wazee kumi na watatu wamekaa na mirija mdomoni, akakipindua.

Ajono ilienda chini ya viti, ikaenda hadi kwenye viatu vya Ojakol. Kwa muda fulani wazee waliendelea kushika mirija yao juu ya mahali ambapo chungu kilikuwa, kama wavuvi wa Budalang'i ambao ziwa limeondoka bila kuaga. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kama hicho, kwa hiyo hakuna aliyejua kiwango cha kukasirika kinachotakiwa. Walikuwa wakimsubiri Okiror awaonyeshe.

Kabla hajaamua, Amoding alipita akikusanya mirija. Wengine waliiachia kwa mshangao. Wa Okiror ulivutwa kidogo upande huu na kidogo upande ule, kisha ukaachiwa. Alikwenda nayo yote moja kwa moja hadi chooni. Ilisikika ikianguka mmoja baada ya mwingine, na watu wanasema ule wa babake Okiror ulichukua muda mrefu zaidi kufika chini, lakini hiyo ni heshima tu.

Okiror alisimama. Alisema maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa mengine yalihusu marehemu na mengine yalihusu mama yake Amoding. Alisema ule mrija ulikuwa wa babake. Amoding alisimama mbele yake akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Babako alikuwa anauosha kwa maji ya moto, mzee. Hata mimi ningeuacha kwa maji ya moto. Hii haitoki kwa maji."

Akamwambia pia kwamba ndani kuna chungu kingine. Alikuwa amekiandaa kwa ajili ya chama cha akina mama cha Jumapili. Ni safi. Ila mirija hakuna.

Shida ikabadilika sura. Ajono ipo, marehemu wapo, mtoto yupo, na wazee kumi na watatu hawana cha kunywea. Ojakol, ambaye alitaka sana kuwa na manufaa, alikimbia hadi kwenye malori akarudi na bomba la plastiki, mita tatu, lile la madereva kunyonyea dizeli kutoka tangi hadi tangi. Alisema linaweza kukatwa vipande kumi na vitatu. Mamake alilinusia langoni. Bomba halikuingia uani, na kwa muda kidogo hata Ojakol hakuingia.

Mwishowe Naliaka mwenyewe, siku nne baada ya kujifungua, alimpa Amoding mtoto, akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha chai cha madereva, akarudi na vikombe vya bati kwenye karai. Akaviosha mbele yao wote. Kisha akapiga magoti mbele ya Okiror na kumpa kimoja kwa mikono miwili.

"Mzee," akasema, "nisaidie tu leo."

Mtu anayejua Wateso anajua kumpa mzee ajono kwenye kikombe cha chai ni kama kumpa askofu ekaristi kwenye sufuria. Okiror alikitazama kikombe. Alitazama magoti ya Naliaka kwenye matope ya pombe. Alikitwaa. Akageuza kiti chake, mgongo kwa lango, ili mpita njia yeyote asimwone, na wengine kumi na wawili wakageuza viti vyao pia. Kwa hiyo jina la mtoto yule lilitolewa na baraza lililokaa kama darasa lililoadhibiwa.

Okiror alinyonya, au tuseme alikunywa, akasema ajono hii ni baridi mdomoni lakini ulimi haulali.  Akataja jina la kwanza. Hakuanza na babake, kama wote walivyotarajia, labda kwa kuona kwamba babake siku hiyo alikuwa ameshasumbuliwa vya kutosha. Alitaja Amoit, mama yake.

Amoding alikuwa amechovya kidole, amekinusa, amekitia. Mtoto alikinyonya kwa nguvu mpaka bibi yake akashtuka.

"Amoit," Okiror akasema tena, kwa sauti nyingine.

Mirija mipya ilikatwa wiki iliyofuata, ikaanikwa, na safari hii Amoding hakuichomeka chini ya paa. Aliitundika juu ya moto wa jikoni ili moshi uipite kila siku, na kila Jumamosi kabla na baada ya kunywa alimimina ndani maji yanayochemka. Fukusi hawapendi moshi. Si wote waliondoka, lakini mrija mpya wa Okiror ulipata tundu moja tu, na alizoea kuliziba. Kwa miezi kadhaa hakumsemesha Amoding zaidi ya salamu. Alikuja kila Jumamosi lakini.

Mwaka wa 1978 alifika Phanuel, bwana afya, na baiskeli yake na waraka wa kurasa tatu. Waraka ulisema kwamba dawa za shamba zisiingizwe nyumbani, zisipakwe kichwani, zisiwekwe kwenye chakula wala kwenye vyombo. Phanuel alikuwa ameusoma vijijini wiki nzima na watu walikuwa wakisikiliza kwa adabu huku mikebe ikiwa uvunguni. Halafu mtu alimsimulia habari ya mirija. Akaja Jumamosi, makusudi, wazee wakiwa chunguni.

Alisimama, akavua kofia. Alisema amekuja kumpongeza mama mmoja ambaye, bila kisomo, miaka minne mbele ya waraka, alitambua hatari iliyowapita wataalamu. Alisema angependa kuandika mbinu zake ili zifundishwe. Alimsifu kwa ujasiri wa kukabili mila. Alisema neno sayansi mara sita. Okiror, ambaye hakuwa na kazi nyingine, alihesabu. Mtoto Amoit, wa miaka minne, alikuwa amekaa karibu na baiskeli, ameshika ukurasa wa tatu wa waraka, kona yake imo mdomoni.

Phanuel akatoa kalamu. "Mama, kwa faida ya vizazi vijavyo, tueleze. Ulijuaje?"

Amoding alimnyang'anya mtoto karatasi, akaipangusa mate kwa leso, akamrudishia Phanuel.

"Mtoto wa siku nne ananyonya kila kitu," akasema. "Nilinusa tu. Kaa, shika mrija, maji yanapoa."